Gunia Hili Limetoka Wapi?

Nyumbani kwangu Dar es Salaam mtungi wa gesi upo, na chai huchemshwa hapo. Maharage hupikwa kwa mkaa. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nawahubiria wengine. Nilimwuliza muuza mkaa wetu gunia lake limetoka kijiji gani, akacheka, akasema limetoka kwenye lori.

Jibu lake ni la kweli kuliko alivyokusudia, maana huko linakotoka kunahama. Utafiti uliolinganisha mwaka 1991 na 2005 ulionyesha kwamba eneo lililotawaliwa na uchomaji mkaa lilikuwa likiishia kama kilomita 20 kutoka mjini. Miaka kumi na minne baadaye lilikuwa limefika kilomita 50. Wapasua mbao walikuwa wameshatangulia mbele zaidi, kwa sababu mninga huweza kubeba nauli ndefu na gunia la mkaa haliwezi. Hivyo mji hula misitu yake kwa zamu: kwanza mbao, kisha mkaa, na nyuma yake hubaki vichaka.

Tumezoea kulaumu jiko, na majiko yenye kauri ndani yamesaidia kweli. Lakini hasara kubwa hutokea kabla gunia halijashonwa. Katika tanuri la kienyeji, magogo hupangwa, hufunikwa nyasi na udongo, huwashwa na kuachwa siku kadhaa. Magogo ya tani tano mpaka kumi hutoa tani moja tu ya mkaa. Kuni zikiwa mbichi, sehemu ya magogo huteketea kwa kukausha mengine. Dawa yake inajulikana: kuacha magogo yakauke wiki kadhaa, na kutumia tanuri lenye bomba la moshi, kama lile la Casamance la Senegal.

Basi kwa nini halifanyiki? Mwambie mtu anayechoma mkaa kwa kujificha, katika msitu usio wake, aache magogo yakae wazi majuma matatu! Doria itamkuta. Atachoma mabichi usiku uleule. Ndiyo maana sikuwahi kuvutiwa na marufuku, ikiwemo ile ya muda ya mwaka 2006. Marufuku humwongezea mchomaji haraka, na haraka hula miti.

Tena mti wa miombo hafi kirahisi kama tunavyodhani. Kisiki chake huchipua. Kinachoua msitu mara nyingi ni kile kinachofuata shoka: moto wa kila kiangazi, mifugo, na jembe la mahindi au ufuta linalong'oa visiki.

Baadhi ya vijiji vya Kilosa, kupitia mradi ulioanza mwaka 2012, vilijaribu njia nyingine: msitu wa kijiji ukagawanywa vitalu vidogo, vikakatwa kwa kuruka, kimoja leo na jirani yake baadaye, kwa mzunguko wa miaka 24. Ushuru ulibaki kijijini.

Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila kitalu kilichokatwa mwaka 2013 kitakuwa tayari 2037, na hadi siku hiyo lazima awepo mtu wa kukilinda na moto na jembe.