Enzi za Insha ya Mapambo

Tulipokuwa darasa la nane, insha nzuri ilijulikana hata kabla ya kusomwa. Mwalimu wa Kiswahili alitia tiki nyekundu juu ya kila neno zito, nasi tukirudishiwa madaftari tulihesabu tiki kwanza, alama baadaye.

KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, ulimpa mtahiniwa dakika 40 za kuandika insha isiyopungua ukurasa mmoja na nusu. Nani angekaa kuwaza? Tuliingia tumejihami. Nyuma ya daftari kulikuwa na orodha ya misemo: ya kuamka, ya kukimbia, ya mvua, ya msiba. Swali liwe la ajali au la harusi, mhusika wetu alirauka jogoo wa kwanza, akatoka shoti, machozi yakimtoka njia mbili mbili. Analilia nini? Hilo halikuwa na tiki.

Nilipoingia uandishi wa habari, chumba cha habari ndicho kilichonivua mapambo. Niliandika kwamba moto ulitamalaki na kuliteketeza soko pasi na huruma. Mhariri akafuta, akabakisha "Soko limeungua," kisha akauliza: vibanda vingapi? Vya nani? Mama muuza nyanya kesho atauza nini? Sikuwa na la kumjibu, nikarudi sokoni.

Baadaye nilisoma upya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka 1996. Shule ya upili tuliichimba msamiati kama machimbo ya mawe, kila mtu akaondoka na lake. Safari hii nikaona maneno yale yana kazi: yanamtembeza mhusika mkuu, Kongowea, kutoka Tanga hadi Kenya akimsaka baba yake, na ukiyang'oa hadithi inachechemea.

Leo zamu ya kuhariri ni yangu. Vijana wananiletea makala safi, sentensi fupi, hakuna jogoo wala machozi. Lakini mvua zao zote ni "mvua kubwa". Rasharasha hawaijui, manyunyu wameyasikia kwa bibi, na mtu akikasirika, akinuna au akifura, kwao ni "alikasirika" tu. Nikimwambia mmoja atafute neno jingine, anatoa simu. Sisi tulikuwa na maneno hayo yote nyuma ya daftari, tukayacheka tulipokua, tukayatupa pamoja na daftari lenyewe.

Kinachonisikitisha ni kwamba sisi tulipewa maneno bila macho, na hawa wamefundishwa kutazama wakiwa na maneno machache ya kusemea. Ningepewa darasa leo, ningeirudisha orodha ile kama ilivyokuwa, misemo yote. Ila tiki ningeitia kwa sharti moja: mwanafunzi anieleze kwanza alichokiona hata neno hilo, si jingine, likahitajika.