Sehemu ya 9: Homa ya kompyuta, akagombezwa mtoto

Niliahidi leo tuongee kuhusu mtoto anayekataa uji. Uji utasubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu mwezi huu na nisipolisema nitakuwa mnafiki, maana mimi ndiye kila siku nawaambia humu "msikilize mtoto kwanza".

Tuna kompyuta ya mezani. Ni ya mtumba, baba watoto aliinunua miaka mitatu iliyopita ili nijisomee nikitoka zamu na watoto wafanyie kazi za shule. Ni ya wastani tu: ramu GB 8, kadi ya picha ya kuchomeka, Windows 10. Haikuwahi kutusumbua. Sasa kijana wangu wa kwanza, ana miaka 13, mwishoni mwa Januari akapata gemu jipya la mpira. Hela alizidunduliza tangu likizo ya Desemba, nyingine alipewa na mjomba wake. Furaha aliyokuwa nayo, ungedhani matokeo ya mtihani wa taifa yametoka.

Akacheza kidogo, kompyuta ikazima. Haikuganda, haikuleta ujumbe wowote. Ilizima ghafla kama LUKU imeisha, huku feni ya juu inazunguka na taa inawaka. Akaiwasha, ikawaka vizuri. Akafungua gemu, ikazima tena. Ukiweka filamu inacheza saa mbili bila shida. Ukiandika, haina shida. Gemu tu.

Jumapili asubuhi natoka zamu ya usiku, macho mekundu, miguu imevimba, namkuta yuko kwenye kompyuta anaiwasha tena. Nikawaka mimi. "Umeshusha mavirusi yako huko, umetuharibia kompyuta! Unajua ilinunuliwa shilingi ngapi?"

Akasema, "Mama, mimi sijaharibu. Inazima yenyewe."

Nikamwambia usinijibu. Nikachomoa waya mbele ya wadogo zake wawili, nikasema hilo gemu lifutwe na sitaki kulisikia.

Hakulia. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka. Wiki nzima akawa ananisalimia shikamoo, anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani. Sikuulizwa hata hela ya daladala, alimwomba baba yake.

Jumamosi nikaipakia kompyuta kwenye bajaji nikaipeleka kwa fundi. Fundi hata bisibisi hakushika. Akaiwasha, ikawaka, akaiangalia kidogo, akasema, "Sista, hii pawa saplai imechoka, na kadi nayo inakaribia kufa. Laki moja na themanini tunabadilisha vyote, tunapiga na windo upya." Nikamuuliza umejuaje na hujaifungua? Akasema, "Gemu za siku hizi nzito, sista."

Mama zangu, mimi ni nesi. Mtoto wako akiletwa kwetu akaandikiwa dawa tano bila kuulizwa kinachomsumbua, si utapiga kelele mpaka geti la nje wasikie? Nikabeba kompyuta yangu nikarudi nayo. Na nikiwa mle ndani ya bajaji, nimeipakata, ndiyo nikakumbuka kwamba hata mimi sikuuliza. Fundi alitaka hela bila kupima. Mimi nilitoa hukumu bila kupima. Tofauti yetu ni nini?

Jioni nikagonga mlango wa chumba cha watoto. Nikakaa kitandani kwake. "Baba, hebu nieleze. Ilianza lini? Inazima baada ya muda gani? Kabla haijazima inafanyaje?" Ni maswali yaleyale ninayowauliza akina mama kila siku.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akatoa daftari la hesabu, akafungua ukurasa wa nyuma. Ameandika hivi:

Ijumaa, saa kumi na moja jioni: dakika 8.
Jumamosi, saa nane mchana: dakika 6.
Jumamosi, nimewasha hapohapo: dakika 2.
Jumamosi, saa tatu usiku: dakika 11.
Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi: dakika 19.

Pembeni kaandika: "feni inapiga kelele sana kabla haijazima."

Nikamuuliza nani kakufundisha kuandika hivi. Akasema, "Si ndivyo unavyoandika joto la mdogo wangu akiumwa."

Jamani. Mtoto niliyemwambia usinijibu alikuwa na chati ya mgonjwa, imejazwa vizuri kuliko za wengine tunaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Na chati inaongea. Asubuhi kukiwa na kaubaridi, mashine inakaa. Mchana, Dar ya Februari mnaijua, inawahi kuzima. Ukiiwasha kabla haijapoa, dakika mbili tu. Kirusi hakijui saa nane mchana. Hilo ni joto.

Niwaeleze kwa ufupi nilichokuja kuelewa. Ukiandika barua, kompyuta haitoki jasho. Gemu jipya linaiambia prosesa na kadi ya picha zifanye kazi kwa nguvu zote kwa wakati mmoja, na zinachemka. Juu ya prosesa kuna chuma chenye mapezi membamba na feni ya kukipuliza. Joto lisipopata pa kutokea linapanda. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi zinajipunguzia mwendo, na likizidi zaidi mashine inajizima isiungue. Kwa hiyo kule kuzima kulikuwa kujikinga.

Lakini sikutaka na mimi kukisia kama fundi. Tukakubaliana kupima kitu kimoja kwa wakati, na yeye ndiye mwandishi. Kwanza tukaitoa kwenye ekstensheni inayotumika na friji, tukaichomeka ukutani peke yake. Ikazima. Umeme wa ekstensheni tukaufuta kwenye orodha. Pili, kijana akafungua daftari la matukio la Windows, linaitwa Event Viewer, kila ilipozima kumeandikwa Kernel-Power namba 41. Nikafurahi nikidhani ndiyo jibu. Kumbe ile namba inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, haisemi kwa nini. Ni kama kuandika "mgonjwa alianguka". Tatu, tukaweka programu ya bure ya kupima joto. Ikiwa imetulia: 58. Gemu dakika ya nne: 90. Dakika ya saba: 97. Nikasema "acha, acha!", ikazima kabla sijamaliza.

Tukatazamana. Akasema taratibu, kama anayeogopa, "Mama... kile kitambaa."

Kitambaa kipi? Kitambaa changu cha kufuma. Nilikifuma mwenyewe nikiwa na mimba ya huyu wa mwisho, rangi ya maziwa, kina maua. Wakati wa usafi wa Krismasi niliisukuma kompyuta ndani ya kabati la tivii ipendeze, mgongo ukagusa mbao, nikaifunika kitambaa vumbi lisiingie. Na hata siku hiyo niliporudi kutoka kwa fundi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuirudisha kabatini na kuitandikia kitambaa chake. Juu ya lile boksi kuna matundu. Ndiyo pua yake ile. Nilikuwa nimemfunika mgonjwa mwenye homa blanketi, halafu namgombeza anayesema anaungua.

Kesho yake tukaifungua. Sikilizeni hapa kama mtafanya nyumbani. Chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja mbili kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa vya ndani. Boksi dogo la pawa saplai usilifungue kamwe, linabaki na umeme hata likiwa limechomolewa. Watoto wadogo watoke, na mwenye pumu asikaribie, vumbi lile si la mchezo. Sisi tulivaa barakoa tukafanyia barazani. Tumia brashi laini ya rangi ambayo ni mpya na kavu, au bloa. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Vumbi lilikuwa limeshonana kwenye mapezi ya chuma kama sufi ya mto.

Tukaiweka juu ya meza, mgongo mbali na ukuta. Gemu likaenda dakika 48, ikazima. Mimi nikakata tamaa, nikaanza kuwaza laki na themanini. Kijana akaandika kwenye daftari, akasema, "Mama, kutoka 11 mpaka 48. Dawa inafanya kazi, dozi haijaisha."

Dozi ilimalizwa na fundi mwingine, kijana mdogo wa mtaani kwetu. Kati ya prosesa na kile chuma kuna dawa nyeupe kama ya meno, inayosaidia joto lipite. Yetu ilikuwa imekauka kama chokaa. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya kidogo. Elfu kumi. Usiku ule joto halikupita 76, na leo ni wiki ya pili haijazima hata mara moja.

Sasa sehemu ngumu. Nilikuwa nimemgombeza mbele ya wadogo zake, kwa hiyo nikaona kumwomba msamaha chumbani kwa kunong'ona ni ujanja. Wakati wa chakula cha jioni, wote wapo na baba yao yupo, nikasema: "Nilisema kaka yenu ameharibu kompyuta. Si kweli. Mimi ndiye niliyeifunika, na yeye aliponiambia sikumsikiliza. Baba, nisamehe." Mdomo ulikuwa mzito, siwafichi. Sisi tumelelewa mzazi hakosei, na akikosea anakununulia soda yakaisha.

Akasema, "Sawa, mama." Akaendelea kula. Nikadhani ndiyo basi. Baadaye ananipokea sahani, akauliza, "Sasa kitambaa tukiweke wapi? Ni kizuri." Nikaingia jikoni nikafungulia bomba nisisikike.

Kabla sijaondoka, kwa wenye kompyuta inayosumbua na si kama yetu: kama gemu linajifunga lenyewe lakini kompyuta inabaki inawaka, anzia kwenye gemu. Angalia mashine yako inatosha mahitaji yaliyoandikwa, sasisha draiva ya kadi ya picha, na kagua mafaili ya gemu kama yametimia. Ikileta skrini ya bluu, piga picha yale maandishi kwa simu kabla hayajapotea, na upime ramu kwa kipimo kilichomo ndani ya Windows yenyewe. Ikizima ghafla kama yetu, fikiria joto kwanza, halafu pawa saplai. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kilichoponya, na hela utakuwa umetoa yote.

Na kabla ya vyote hivyo, muulize aliyekuwa ameikalia. Muulize kwa sauti ya kutaka kujua.

Kitambaa sasa kiko juu ya meza ya chakula. Sehemu ya 10 ni uji, safari hii kweli. Naingia zamu, mbaki salama.