Mchagua Jembe na Skrini ya Kompyuta

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii nilifundishwa mwaka wa kwanza, nikaiandika daftarini, na hata katika mtihani nikaieleza vizuri. Lakini niliielewa siku ambayo baba mdogo alinitamkia mwenyewe, akiwa ameketi juu ya kitanda changu hapa Kampala, nami nina akiba ya shilingi milioni nne na nusu na sijui ninunue skrini gani.

Baba mdogo ni mwanajeshi mstaafu. Kijijini wanamwita Afande. Kiswahili alikipata kambini, kama Waganda wengi wa rika lake waliopitia jeshini. Miaka mitatu iliyopita, nilipoingia chuoni, aliuza fahali wake ili ninunue kompyuta. Alisema, "Mtu anayesoma lugha lazima aandike." Kompyuta hiyo ndiyo iliyonilisha. Nilichapa na kuhariri tasnifu za wenzangu, nikatafsiri barua na matangazo, nikaweka akiba kidogo kidogo. Jambo moja tu sikumwambia: usiku, kazi ikiisha, mimi hucheza gemu.

Skrini niliyokuwa nayo ilikuwa ya LCD, kuukuu, ya inchi 22. Skrini za aina hiyo zina taa nyuma ambayo huwaka muda wote, na picha hufanya kazi ya kuizuia. Ndiyo maana giza lake si giza, ni kijivu. Ninacheza Elden Ring, gemu yenye mapango na makaburi mengi, na kila nikiingia pangoni niliona ukungu badala ya usiku. Kisha siku moja, katika duka moja la katikati ya jiji, nikaona OLED. Katika OLED hakuna taa ya nyuma. Kila nukta hujiwakia yenyewe, na panapotakiwa weusi nukta huzimwa kabisa. Niliona mwezi juu ya bahari, na pembeni mwa mwezi palikuwa na weusi kama wa chumba umeme ukikatika. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Dukani palikuwa na skrini mbili nilizozitaka, zote za inchi 27, zote zikiweza kubadilisha picha mara 240 kwa sekunde. Ya kwanza ilikuwa ya 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, na bei yake milioni nne na laki nne. Ya pili ilikuwa na nukta 2560 kwa 1440, na bei yake milioni mbili na laki saba. Nilipiga hesabu. Ya kwanza ina nukta zaidi ya milioni nane, ya pili milioni tatu na laki saba hivi. Nikajiambia kwamba mwenye akili huchukua kubwa, maana skrini hainunuliwi kila mwaka.

Ndipo baba mdogo akaja mjini kumwona daktari wa macho, akalala kwangu siku mbili. Akaliona daftari langu lililojaa takwimu.

"Hizi ni namba za nini, mwanangu?"

Ilinibidi niseme kweli yote, pamoja na habari ya gemu. Niliogopa kwamba atamkumbuka fahali wake. Hakumtaja. Alinisikiliza nikimweleza nukta, mwanga na giza, kisha akacheka na kusema ile methali.

"Lakini baba," nikasema, "jembe baya huumiza mikono."

"Sawa. Basi nijibu swali moja. Kambini tulikuwa na taa getini, ikiwaka kila usiku. Ile ilififia mapema. Za stoo, zilizowashwa mara mojamoja, zilibaki kama mpya. Hizo taa zako milioni nane, zile ambazo hazipumziki, zitakuwaje?"

Nilinyamaza. Jawabu nililijua, ila nilikuwa nimelipita haraka nilipokuwa nikisoma, kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Nukta za OLED huchakaa kwa kuwaka. Kitu kikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi, siku nyingi, nukta za hapo huchoka kuliko jirani zake, na skrini hubaki na kovu. Katika gemu, kitu hicho ni kama mstari wa uhai wa mchezaji, ambao haubanduki pembeni. Katika kazi yangu ni ukurasa mweupe, vitufe vya programu ya kuandikia na ule mstari wa chini wenye saa.

Baba mdogo aliporudi kijijini, niliacha kulinganisha skrini nikaanza kujipima mwenyewe. Kwa wiki nzima niliandika kila saa niliyokaa mbele ya kompyuta. Jumapili nikajumlisha: saa 37 za kuchapa na kusoma, saa 8 za gemu. Niliona haya. Nilikuwa nachagua skrini ya mchezaji, na mchezaji huyo alikuwa mgeni tu katika maisha yangu.

Hesabu hiyo ilinifungua macho kwa mengine. Elden Ring kwenye kompyuta haizidi picha 60 kwa sekunde, hata skrini iwe ya 240. Kadi yangu ya picha ni RTX 3060. Nilibeba kompyuta hadi kwa jirani mwenye televisheni ya 4K, nikaiunganisha, na gemu ikawa nzito kama mtu anayetembea kwenye matope. Skrini ya 4K ingenidai kadi mpya, na kadi mpya ingenidai mwaka mwingine wa tasnifu za watu.

Hata hivyo, 4K ilikuwa na hoja moja nzito. Katika OLED nyingi, vijinukta vyekundu, kijani na buluu havipangwi kwa safu kama vya LCD, kwa hiyo kingo za herufi huweza kuonyesha rangi kidogo. Kwenye skrini ya nukta 109 kwa inchi jambo hilo huonekana. Kwenye 4K ya inchi 27, yenye nukta 163 kwa inchi, karibu lisionekane. Kwa mtu anayeishi kwa herufi, hilo si dogo.

Jibu lilikuwa mezani tayari. Ile LCD kuukuu haikuwa imekufa. Maandishi yangebaki kwake, ambako ukurasa mweupe hauachi kovu, na OLED ingewashwa kwa gemu na filamu tu. Kama maandishi hayaendi kwenye OLED, hoja ya 4K inapungua nguvu. Nikanunua ile ya milioni mbili na laki saba.

Iliyobaki ni tabia ya kujifunza. Hapa kwetu umeme wa Yaka hulipiwa kabla, na mimi nimezoea kuzima kila kitu ukutani ili uniti zisipotee. Skrini hii hutaka iachwe kwenye umeme baada ya kuzimwa, ili ijirekebishe yenyewe kwa dakika chache na kusawazisha nukta zake. Sasa naizima kwa kitufe chake, naisubiri, ndipo nazima ukutani.

Usiku wa kwanza niliingia katika pango lilelile. Niliona kuta pale tu mwenge ulipofika, na nilipouzima sikuona kitu. Niliogopa kidogo, nikafurahi.

Kesho yake nilimtumia baba mdogo milioni moja na laki tano kwa simu. Akanipigia mara moja.

"Hizi za nini?"

"Za fahali, baba."

"Hazitoshi fahali."

"Basi ndama."

Akanyamaza kidogo. "Ndama hukua," akasema, kisha akaniuliza kama ile skrini ina giza la kweli.

Sitadai kwamba nimeisahau 4K. Nikipita karibu na duka lile bado nasimama kuutazama mwezi. Lakini methali ya baba mdogo sasa naisoma kwa namna yangu. Kuchagua jembe si kosa. Kosa langu lilikuwa kusimama dukani kwa miezi nikipima majembe, wakati shamba langu sijalipima hata mara moja.