Mzigo wa Ushahidi ni wa Nani?



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Baada ya hayo, juma hili tumeona tuzungumze na wazazi, na hasa kina mama, juu ya jambo ambalo zamani tulilisikia kwa mbali na sasa limeingia majumbani mwetu: kijana wa Kiislamu kusema kwamba hana hakika kama Mungu yupo.

Jambo hili lina historia hapa Kenya. Mwezi wa Februari 2016 chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa rasmi. Viongozi wa dini walilalamika, na mwezi wa Aprili Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Profesa Githu Muigai, akausimamisha usajili huo. Chama kikaenda mahakamani, wala hakikufa. Katika sensa ya 2019, watu zaidi ya 755,000 waliandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu, na wengine zaidi ya 73,000 wakaandikwa chini ya neno "hajui". Hao wana wazazi, na wazazi wengine ni sisi.

Ijumaa moja, baada ya swala katika Msikiti wa Jamia katikati ya jiji la Nairobi, alitujia mama mmoja anayeishi Kawangware, mzaliwa wa pwani kama sisi. "Sheikh," alisema, "mwanangu yuko chuo kikuu. Nilimwamrisha kuswali, akanijibu, 'Mama, mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi.' Baba yake amemwambia asikanyage tena nyumbani. Sasa analala kwa rafiki yake Kangemi, nami nampelekea chakula kwa siri. Nimjibu nini?"

Tulimwambia kwanza kwamba kanuni aliyoitaja kijana ni ya kwetu. Imamu Nawawi ameiweka katika Arubaini yake, ni hadithi ya 33, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.): ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, nayo inamtwika mzigo huo yule anayetaka mahakama imhukumie kwa jambo analodai. Muislamu hana sababu ya kuiogopa kanuni hii. Tunaposema Allah yupo, tumedai, na ni haki tuulizwe.

Lakini tupambanue wasemaji, maana wako watatu. Wa kwanza asema, "Yupo." Huyu amedai. Wa pili asema, "Hayupo." Huyu naye amedai, kwa kuwa ametoa habari juu ya ulimwengu wote, ulioonekana na usioonekana, naye aulizwe. Waarabu wa kale walikuwa na watu wa namna hii, wakiwaita Dahriyya, kutokana na neno dahari ambalo hata sisi Waswahili tunalo. Walisema hakuna kinachotuangamiza ila dahari, na Qur'ani katika Suratul Jaathiya ikawajibu kwamba hilo hawana ujuzi nalo, wanadhani tu. Wa tatu asema, "Sijui." Huyu hajadai kitu. Kumdai ushahidi ni kumdhulumu, na kumwita adui ni kumsukuma aende kwa wa pili.

Vijana wengi wamejifunza mfano wa Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1952 kwamba mtu akidai kuna buli la chai linalozunguka jua baina ya dunia na Mirihi, dogo lisiloonekana kwa darubini yoyote, hawezi kuwataka wengine waamini eti kwa sababu hawawezi kulikanusha. Hoja hiyo ni sahihi kwa buli. Buli ni kitu kimoja zaidi kati ya vitu. Likiwapo au lisipokuwapo, mbingu ni zile zile. Sisi hatudai kwamba mbinguni kuna kitu kilichosahauliwa kuhesabiwa. Tunauliza kwa nini pana mbingu, na jua, na buli, na mwenye kuuliza, badala ya kutokuwapo kitu chochote. Ushahidi wetu ni kuwapo kwa viumbe visivyojiumba, nidhamu iliyomo ndani yake, dhamiri inayomshitaki mtu hata akiwa peke yake, na maisha ya Mtume (S.A.W.) aliyeitwa Mwaminifu na watu wa Makka kabla hajapewa utume.

Hata hivyo tuwe wakweli. Ushahidi huu haumlazimishi mtu kama hesabu ya mbili na mbili. Imamu Ghazali, bingwa wa hoja, ameeleza katika kitabu chake cha Al-Munqidh kwamba shaka ilimshika karibu miezi miwili, na kilichomponya ni nuru ambayo Allah aliitia kifuani mwake. Naye Nabii Ibrahim (A.S.) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowahuisha wafu, ili moyo wake utulie. Hakufukuzwa, alionyeshwa.

Tulikwenda Kangemi kuonana na kijana. Alitupokea kwa adabu, akatuchemshia chai. Akasema, "Sheikh, mimi sikusema Mungu hayupo. Nilisema sijui. Baba alisikia hayupo." Akaeleza kwamba alipokuwa na miaka kumi aliuliza chuoni nani aliyemuumba Mungu, akachapwa bakora, na tangu siku hiyo hakuuliza tena. Tulimwambia kwamba swali lile lilistahiki jibu: aliyeumbwa ndiye anayehitaji muumba, na mlolongo wa wenye kuhitaji hausimami ila kwa asiyehitaji. Tukamwambia pia kwamba asiyejua ana wajibu wake, nao ni kutafuta. Kwani kila inapoadhiniwa ama atainuka ama ataketi, na maisha hayamngojei amalize kufikiri. Ilipofika maghribi tuliinuka kuswali. Yeye aliketi, nasi hatukumlazimisha.

Baba yake tulimkuta na uzito zaidi. Tulimuuliza kama amewahi kumwambia mwanawe kwa nini yeye mwenyewe anaamini. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema aje nyumbani. Kijana amerudi. Hadi tunaandika haya bado haswali, lakini anakula na wazee wake, na usiku baba na mwana huzungumza.

Enyi wazazi, mtoto akikuambia maneno haya, muulize kwa upole: unasema hayupo, au unasema hujui? Usimjibu kwa bakora wala kwa mlango. Usilolijua usilibuni, mpeleke kwa mwenye elimu. Na ukumbuke kwamba sisi ndio tuliodai, na mtoto husoma ushahidi wetu kila siku katika ukweli wa ndimi zetu, katika mizani ya biashara zetu, na katika jinsi tunavyowatendea walio dhaifu chini ya dari zetu.

Tunamwomba Allah azithibitishe nyoyo zetu na za watoto wetu, na awarudishe kwa wema walio mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.