Mdudu Anayekata Duara Kwenye Jani la Boga



Kijana mmoja anayelima maboga hapa Unguja alinijia baada ya Alasiri na majani matatu mkononi, yametoboka kama chandarua kibovu. "Shekhe, nikipiga dawa leo, kesho nikachuma majani nikauze Darajani, kuna ubaya?"

Nikamwambia twende kwanza tukamtazame huyo mdudu.

Ni kidudu cha mviringo, mgongo rangi ya machungwa wenye madoa meusi. Mabuu yake ni ya njano, yana miba yenye matawi. Hukaa chini ya jani, hukwangua nyama laini baina ya mishipa na kuacha ngozi ya juu, nayo hukauka ikatoboka.

Na jani la boga si jepesi kuliwa. Mama zetu wanajua, ndiyo maana humenya nyuzi zile zinazokwaruza kabla ya kulitia chunguni. Ukilikata hutoa utomvu unaoganda upesi. Sisi tunanawa mikono, basi. Kwa mdomo mdogo wa mdudu ile ni gundi.

Sasa tazama hila yake. Hukata kwanza mtaro wa duara kwenye jani, kisha ndipo hula ndani ya duara. Mifereji imekatika, utomvu haumfikii. Subhanallah! Mwaka 1980 wataalamu wawili, Carroll na Hoffman, waliandika katika jarida la Science kuwa mdudu wa jamii hii anakwepa uchungu ambao mmea huupeleka penye jeraha. Mwaka 1995 wengine wakamchunguza ndugu yake wa jamii hiyo hiyo, wakaona kinachokwepwa ni kule kunata. Mimi naelemea kauli hii ya pili.

Wafasiri wengi wanasema ule mmea aliooteshewa Nabii Yunus (a.s.), katika Suratus-Saffat aya ya 146, ni wa jamii ya mung'unye, na Ibn Kathir ametaja kuwa nzi hawaukaribii. Nzi, sawa. Huyu si nzi.

Nikarudi kwenye swali. Kumuua mdudu anayeharibu mazao hakuna dhambi. Lakini dawa haionekani kwenye fungu la mboga, na mnunuzi amekuamini. Chupa ikiandika siku saba kabla ya kuchuma, ni saba, si moja. Na dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, haina maandishi, usiitie kwenye chakula cha watu kabisa. Huko ni kughushi.

Nikamwonesha mayai: ya njano, yamesimama pamoja chini ya jani. Yapondwe kwa vidole kila asubuhi. Ukiona duara limekatwa juu, geuza jani, mwenyewe hayuko mbali.

Akanijibu kuwa shamba ni kubwa na vidole ni kumi. Kweli. Basi tukakubaliana: matuta ya majani ya kuuza yasiguswe na dawa, atafute mayai huko, matuta anayongojea maboga ya futari, akipiga, ahesabu siku.

Wenye mashamba Bambi na Mwera, mkinitumia picha, pigeni upande wa chini wa jani. Juu hakuonekani kitu.