Mashine Tisa Zilizolala

Kama ulilelewa kwa nyumba ya tokeni, unajua kuzima ni dini. Mathe anapita nyuma yako akizima taa ya jikoni, anachomoa chaja, anauliza kama baba yako ndiye mwenye kampuni ya stima. Watu wengi wanaoanza kukodisha kompyuta kwenye wingu huja na imani hiyo hiyo: ukizima, bili inasimama. Husimama, lakini nusu tu. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyotufanya, Januari 2024, tukae kwa mkutano wa saa tatu tukijadili kama tutafuta diski tisa au tutawaachisha kazi vijana wawili.

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Mama mjamzito anaandikishwa zahanati, namba yake ya simu inaingia kwenye mfumo pamoja na tarehe anayotarajiwa kujifungua, halafu siku moja kabla ya kila kliniki anapata ujumbe wa kumkumbusha. Basi. Lakini nyuma ya ujumbe huo mmoja kulikuwa na klasta ya mashine pepe tisa: tatu za hifadhidata, mbili za foleni ya ujumbe, nne za vibarua, yaani kupanga ratiba, kupiga hesabu na kuwatengenezea wafadhili ripoti zenye grafu za rangi. Tisa ni nyingi kwa kazi hiyo? Ndiyo. Zilipangwa na mtu aliyeota kaunti zote 47, tukaishia na moja.

Mashine pepe, kwa wale ambao hawajakutana nayo, ni kipande cha kompyuta. Kompyuta moja kubwa inagawanywa kama shamba la urithi, na kila mpangaji anapewa chake akiamini ana kompyuta nzima. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesema tarakilishi pepe. Mimi kila nikisikia hilo neno pepe nafikiria pepo, na si vibaya sana: kitu kisichoshikika, kinachoitwa kikaja na kufukuzwa kikaenda, na ambacho hulipishwa kwa dola.

Dola ndiyo ilikuwa shida. Pesa za mfadhili ziliisha Desemba. Zingine zilikuwa zinakuja Aprili, au ndivyo barua pepe ilivyosema. Katikati hapo dola moja ilivuka shilingi 160, wakati mwaka mmoja kabla ilikuwa karibu 123. Sisi tulilipwa kwa shilingi.

Wakati wa Krismasi tulikuwa tumezima mashine zote kwa wiki mbili. Madam wa fedha alipoiona bili alinipigia simu. "Si mlisema mmezima?" Tulikuwa tumezima. Mashine iliyozimwa hailipishwi kwa kufikiri, lakini diski yake bado ipo, imekaa mahali, imeshikilia nafasi. Nilimwambia ni kama kufunga keja ukaenda ushago mwezi mzima: tokeni hazitaisha, lakini mwenye ploti hana habari uko wapi, tarehe tano anataka kodi yake. Alinyamaza kidogo. "Sasa toeni vitu ndani."

Kutoa vitu ndani ndiko kunakoitwa snapshoti.

Tuweke hesabu mezani, kwa sababu bila hesabu hii hadithi ni umbea. Chukua bei ambazo Amazon huorodhesha kwa eneo la Virginia: diski ya kawaida ya aina ya gp3 ni senti 8 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, na snapshoti ya kawaida ni senti 5. Ukiangalia haraka utasema, senti tatu tu? Lakini diski inalipiwa ukubwa wote uliouomba, hata kama umejaza robo. Snapshoti inalipiwa vile vipande vilivyowahi kuandikwa kitu. Diski zetu tisa zilijumlisha gigabaiti 6,000, kwa hiyo dola 480 kwa mwezi. Vilivyoandikwa ndani havikuzidi gigabaiti 1,400, yaani dola 70. Tofauti ni dola 410. Zidisha kwa 160. Shilingi 65,600 kila mwezi, pesa za kuhifadhi hewa. Vijana wawili waliokuwa wakipokea simu za zahanati kwa mkataba walilipwa, wote wawili pamoja, karibu kiasi hicho hicho. Bosi hakuzunguka: mojawapo iende.

Snapshoti ni picha ya diski ilivyo kwa sekunde moja. Ya kwanza hubeba kila kipande kilichoandikwa. Ya pili hubeba tu vilivyobadilika tangu ya kwanza, na ya tatu vilivyobadilika tangu ya pili. Watu huogopa kufuta ya kwanza wakidhani zingine zitabomoka kama ghorofa lililojengwa bila nondo, lakini mfumo huangalia ni kipande gani bado kinahitajika na picha nyingine, kisha hukiacha. Picha hukaa kwenye hifadhi ya bei nafuu. Diski yenyewe unaifuta kabisa. Siku ukirudi, unaomba diski mpya itengenezwe kutoka kwa picha.

Kuna jambo ambalo hunichekesha nikifikiria haya yote. Ile huduma ya Amazon ya kukodisha mashine, EC2, iliyofunguliwa kwa umma Agosti 2006, ilijengwa kwa sehemu kubwa na timu iliyokaa Cape Town. Waafrika Kusini wachache kwenye ofisi ndogo. Kisha ikachukua hadi Aprili 2020 kwa Amazon kufungua vituo vyake vya kukodisha mashine huko huko Cape Town. Miaka karibu 14, kitu kimezaliwa hapa barani, na sisi tunakikodisha kutoka Virginia na Ireland. Haya, turudi.

Kupiga picha diski moja ni rahisi. Klasta ndiyo kazi. Fikiria makanga, umempiga picha akiwa ameshapokea noti yako ya mia tano na hajarudisha chenji. Picha ni ya kweli, lakini ukiianzisha dunia upya kutoka hapo, kuna mtu anadaiwa na hakuna anayekumbuka ni nani. Hifadhidata nzuri huwa na daftari la pembeni: kabla ya kugusa chochote inaandika inachotaka kufanya, ili ikiamka ghafla isome daftari na kumaliza. Hiyo inatosha kwa mashine moja. Lakini ukipiga picha diski tisa kwa dakika tisa tofauti, foleni itasema ujumbe umeshakabidhiwa, hifadhidata itasema haijauona, na zote zitakuwa zinasema ukweli wa dakika yake.

Kwa hivyo tulizima kwa utaratibu wa kufunga duka. Mlango kwanza, ili zahanati zisiingize mama mpya. Halafu vibarua, wamalize walichoshika na wasichukue kingine. Halafu foleni. Mwisho hifadhidata, zile nakala zake kabla ya mama yao. Ni baada ya zote tisa kuwa kimya ndipo picha zingeanza kupigwa.

Tulikwama kwenye foleni. Akaunti ya kutuma SMS ilikuwa imeisha salio pamoja na pesa za mfadhili, na ndani kulikuwa na jumbe 214 ambazo hazijatoka. Mimi niliona namba. Sista, ambaye alifanya kazi wodi ya uzazi miaka mingi kabla ya kuja ofisini kwetu, aliomba kuzisoma. "Kesho ni siku yako ya kliniki. Usisahau kijitabu cha Mama na Mtoto." Zote 214, maneno yale yale.

"Zikiamka Aprili," akauliza, "zitaambia hawa akina mama nini?"

Mmoja wa wale vijana akasema ni rahisi, tufute. Lakini mkataba ulisema wazi kwamba hakuna rekodi inayofutwa kabla ya mradi kufungwa. Bosi akasema basi tuziache, si zitatumwa tu zikichelewa. Sista hakumjibu bosi. Aligeuka kwangu. "Wewe unajua kati ya hawa 214 wangapi watakuwa bado na mimba Aprili? Wengine watakuwa wamezaa. Wengine, Mungu awasaidie, mimba zitakuwa zimetoka, au mtoto hayuko. Halafu simu inalia: kesho kliniki. Nani atapokea hiyo simu ukiwa wewe?"

Tuliandika kwenye karatasi, kwa kalamu, na kuibandika ukutani: FOLENI ISIFUNGULIWE KABLA SISTA HAJAONA. Niliweka onyo hilo pia kwenye lebo ya kila snapshoti, lakini karatasi niliiamini zaidi.

Picha zilichukua sehemu nzuri ya alasiri. Kisha nikafanya kitu ambacho bosi alikiona kama kupoteza wakati: nikatengeneza diski tatu mpya kutoka kwa picha za hifadhidata, nikaziwasha kando, nikahesabu akina mama. Idadi ilikuwa ile ile. Nikachagua majina ishirini kiholela, Sista akayalinganisha na orodha yake. Sawa. Picha ambayo hujawahi kuirudisha ni tumaini tu, na tumaini halihifadhi namba ya simu ya mtu. Ndipo nikafuta diski tisa. Ile programu hukuuliza kama una uhakika. Mara tisa. Kijana mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu akinong'ona, "Buda, hiyo ni job yangu unaclick hapo."

Februari ikapita. Machi ikapita. Vijana walibaki.

Pesa ziliingia wiki ya pili ya Aprili, na kuamsha kukawa na adabu zake. Diski iliyotengenezwa kutoka kwa snapshoti huonekana tayari mara moja, gigabaiti zote, lakini vipande vyenyewe bado viko kule kwenye hifadhi; kila kimoja huletwa kinapoitwa mara ya kwanza. Swali lililokuwa likijibiwa kwa sekunde mbili linachukua dakika kadhaa. Mtu asiyejua atasema data imeharibika na kuanza kubonyeza vitu. Dawa yake ni kuisoma diski nzima polepole kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kumfungulia mtu yeyote, na wewe unakunywa chai. Anwani za mashine zilikuwa mpya, kwa hivyo kila moja ilikuwa ikimtafuta jirani kwenye nyumba aliyohama. Na cheti cha usalama, tulichokipata Let's Encrypt, kilikuwa cha siku 90. Kilikuwa kimeisha usingizini. Hayo tulikuwa tumeyaandika, tukayamaliza kabla ya saa sita mchana.

Ila kulikuwa na programu ya ratiba. Hii haikulala na foleni, hii hulala na saa. Ikiamka huuliza: mara ya mwisho nilifanya kazi lini? Januari. Leo ni lini? Aprili. Kisha, kama mtumishi mwaminifu, hujaribu kufanya yote yaliyopita katikati. Tuliiwasha ikiwa imefungiwa ndani, bila njia ya kutoka nje, ili tuone ingefanya nini. Ilitengeneza vikumbusho vya miezi mitatu kwa dakika chache. Maelfu. Sista alisimama akiangalia namba ikipanda kwenye skrini, mkono mdomoni. Tukaiambia isahau yaliyopita na ianze kesho. Maelfu hayo yalikuwa mapya, hayakuwa rekodi ya mtu, tukayafuta.

Zile 214 hatukuzigusa. Sista alizichapisha. Kwa siku nne yeye na wale vijana wawili walipiga simu, namba moja baada ya nyingine. Vijana walianza na maneno ya ofisini, "Tunapiga kutoka mradi wa...", lakini kufikia siku ya pili walikuwa wanasema "Shikamoo mama, uko aje, mtoto ni mzima?" na kusubiri. Wengi walikuwa wazima. Mmoja alizaa mapacha. Namba kadhaa hazikupatikana. Wengine walipokea na kukaa kimya, na vijana wakajifunza kukaa kimya pia.

Mama mmoja alimsikiliza Sista hadi mwisho, kisha akasema hana haja ya kliniki tena, na tafadhali wamtoe kwenye hiyo kompyuta. Sista akamwambia pole, na atamtoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua haki ya mtu kuomba data yake ifutwe, na mkataba wetu haukuweza kuipita. Nilimfuta siku hiyo hiyo.

Sista akauliza, "Na kwenye zile picha?"

Kwenye picha bado alikuwepo. Snapshoti haihaririwi. Ndani yake alikuwa bado mjamzito, anatarajiwa Machi, ana kliniki kesho. Na hata hifadhidata, ukiiambia futa, mara nyingi huweka alama tu kwamba mstari umekufa na kuuacha pale hadi ifagiwe. Kumtoa kweli kulitaka kutengeneza diski kutoka kwa picha, kufuta, kuhamishia data iliyobaki kwenye diski mpya tupu, kuipiga hiyo picha, kisha kufuta picha zote za zamani. Bosi alisema ni kazi ya siku nzima kwa mstari mmoja.

Tulikuja Jumamosi, mimi na Sista. Alileta mandazi. Nilipofika kwenye mstari wenyewe nilimgeuzia kibodi, akavaa miwani, akasoma namba ya simu kwa sauti, tarakimu moja moja, akilinganisha na karatasi yake. Halafu akabonyeza.