Katoni na Godoro

Liko swali moja tuliloulizwa zaidi ya miaka kumi iliyopita na kijana wa kundi letu, na hadi leo hatujamaliza kulijibu. Alituuliza hivi: « Baba Mwalimu, ina maana ulipenda katoni kuliko godoro? » Swali hilo lilihusu muziki, lakini halikuhusu muziki peke yake. Ndiyo sababu tumeona vema kuwasimulia habari yake tangu mwanzo, bila kuificha sehemu inayotuaibisha.

Mwaka 2009, wakati wengi wenu mlikuwa wachanga au hamjazaliwa, ilitoka albamu ya kwanza ya kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa. Iliitwa Très Très Fort, nayo ilitolewa na kampuni ya Ubelgiji iitwayo Crammed Discs. Waimbaji wakuu wa kundi hilo, miongoni mwao Ricky Likabu na Coco Ngambali, walikuwa watu wazima ambao polio iliwanyima nguvu za miguu tangu utoto. Walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizojitengenezea, wakafanya mazoezi yao katika viwanja vya bustani ya wanyama ya Kinshasa. Pamoja nao walikuwamo vijana waliokulia barabarani. Mmoja wao, Roger Landu, alipiga ala aliyoibuni mwenyewe: kopo la bati, kipande cha mti kilichopindwa, na waya mmoja tu. Ala hiyo aliiita satongé, na sauti aliyoitoa katika waya ule mmoja iliwashangaza hata wapiga gita wenye nyuzi sita.

Jina la kundi ni la Kilingala, na maana yake ni kutazama mbali kuliko yale yanayoonekana kwa nje. Tunawaomba mlikumbuke jina hilo, kwa maana litaturudia.

Albamu hiyo ilirekodiwa kwa sehemu kubwa nje, hewani, palepale penye bustani ya wanyama, chini ya uongozi wa mtayarishaji Vincent Kenis. Haikuchukua muda ikavuka bahari. Mwaka uleule wa 2009 kundi lilipanda jukwaani katika tamasha la Eurockéennes mjini Belfort, Ufaransa, na likapewa tuzo ya wasanii ya WOMEX. Mwaka 2010 filamu iliyosimulia safari yao, kazi ya Renaud Barret na Florent de la Tullaye, ilionyeshwa Cannes. Watu waliolala barabarani sasa walipigiwa makofi na miji mikubwa ya Ulaya.

Sisi tuliipata diski hiyo kwa mwalimu mwenzetu aliyetoka safari ya Kinshasa. Tuliipeleka katika ukumbi wa vijana, tukawasha jenereta, tukaipiga. Wengi wa vijana walijua Kilingala cha nyimbo tu, lakini walielewa ya kutosha. Walielewa wimbo uitwao Polio, unaowasihi wazazi wapeleke watoto wao kupata chanjo. Walielewa pia wimbo uitwao Tonkara, ambalo ndilo neno la katoni, ile katoni anayoitandika mtu asiye na kitanda.

Katika ukumbi alikuwamo kijana mmoja ambaye polio ilimpata akiwa na miaka mitatu. Alitembea kwa magongo mawili, na mchana aliuza yuniti za simu karibu na mzunguko wa barabara, akiketi juu ya kiti kidogo chini ya mwavuli. Siku ile alilia bila kuficha uso. Tangu siku ile tulimfanya kuwa mfano. Kila tulipotaka kuwafundisha wengine habari ya subira, tulimwita asimame mbele, aegemee magongo yake, aseme maneno mawili. Alisema vizuri. Sisi tulijisikia kuwa walimu wema.

Kisha tukangoja albamu ya pili. Mwaka mmoja ukapita, na wa pili. Kila aliyefika kutoka Kinshasa tulimwuliza kama imetoka. Hatukutafakari jinsi kungoja kwetu kulivyokuwa mzigo kwa wale tuliowangojea. Kazi ya kwanza ya msanii huwa imekaa ndani yake miaka mingi kabla ya watu kuisikia. Ina utoto wake, njaa yake na usiku wake wote wa mvua. Hakuna aliyekuwa akimhesabia siku. Kazi ya pili huombwa haraka, katikati ya safari, ndege, hoteli na mikutano na waandishi wa habari, na kila mtu tayari ameshika mkononi kipimo cha kuipimia, nacho kipimo hicho ni ile ya kwanza.

Albamu ya pili ilitoka mwaka 2012. Iliitwa Bouger le Monde, yaani kuusogeza ulimwengu. Safari hii walikuwa wameingia studio huko Kinshasa, na gita za umeme zilisikika kwa nguvu zaidi. Satongé ilikuwamo bado. Sauti zile kuu zilikuwamo bado. Tuliisikiliza mara moja, jioni moja, huku tukisahihisha daftari za wanafunzi, kisha tukaizima. Siku ya kikao, vijana walipotuuliza tumeionaje, tulijibu kwa ukali wa mtu anayejiamini: « Wamebadilika. Ulaya imewaharibu. Ile ladha ya barabarani haimo tena. »

Hapo ndipo yule kijana alipotuuliza lile swali la katoni na godoro.

Ukumbi ulinyamaza. Hatukumwelewa mara moja, naye akafafanua kwa utulivu. Alisema ule wimbo wa katoni tuliokuwa tukiupiga kila mwezi haukuisifu katoni hata kidogo. Anayeimba ndani yake ni mtu aliyelala juu ya katoni, na sasa amepata godoro. Naye anawaambia wenzake kwamba hata wao bahati yaweza kuwafikia. « Walituimbia tangu mwanzo kwamba wanataka kuondoka pale, » akasema. « Sasa wameondoka, na Baba Mwalimu anasikitika. » Kisha akachukua magongo yake akatoka.

Hakurudi wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata.

Ni aibu kwetu kukiri kwamba kwanza tulikasirika. Miaka ya kushika chaki humzoeza mwalimu kuuliza maswali, si kuulizwa. Tulijiambia kwamba hata yeye amebadilika, na tulikuwa na ushahidi. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameacha kuuza yuniti chini ya mwavuli. Kwa akiba yake na ya mdogo wake walikuwa wamepanga chumba kidogo kando ya shule, wakanunua mashine ya fotokopi. Alivaa shati lililopigwa pasi. Alianza kuchelewa kikaoni, kwa kuwa wateja walimbakisha. Nasi, pasipo kusema neno, tulikuwa tumeacha kumwita asimame mbele. Hakuwa tena mfano mzuri wa subira. Hakuna anayelizwa na mtu mwenye mashine ya fotokopi.

Usiku mmoja umeme ulipokatika tulibaki na mawazo hayo gizani, tukaona kwamba hukumu yetu juu ya albamu na mwenendo wetu kwa kijana vilikuwa kitu kimoja. Tuliwapenda wale wanamuziki mahali walipokuwa wamelala. Tuliipenda shida yao, kwa kuwa ilitupa sisi machozi matamu na somo la kufundisha. Walipoinuka, tuliona kana kwamba wametunyang'anya kitu chetu. Jina la kundi lilituomba tutazame mbali kuliko yanayoonekana kwa nje. Sisi tuliona magurudumu na katoni, tukakomea hapo, tena tukajisifu kwamba tumeona.

Kesho yake tulikwenda kwenye kile chumba kando ya shule. Tulibeba karatasi za mtihani za kunakilisha, ili tuwe na kisa cha kuingia. Mtu mzima naye ana woga wake. Kijana alitusalimu kwa heshima, akapokea karatasi, akaanza kazi. Tulimwambia kwamba tumekuja kuomba radhi, na kwamba tungependa kuisikiliza tena ile albamu ya pili, pamoja naye, kama anayo. Alikuwa nayo katika simu. Aliiweka juu ya mashine, na tukasikiliza kati ya mteja mmoja na mwingine.

Hatutawadanganya kwamba siku ile tuliipenda kuliko ya kwanza. Ya kwanza ina upya usioweza kurudi. Lakini safari hii tuliisikia. Tulisikia wimbo unaowataja kuluna, vile vikundi vya vijana wanaotisha mitaa ya Kinshasa kwa mapanga, tukatambua kwamba watu hawa hawakuisahau barabara hata kidogo. Walikuwa wameitazama upya, wakiwa wamesimama mahali pengine. Mtu aliyepata godoro anaona vitu ambavyo aliyelala juu ya katoni hakuwa na nafasi ya kuviona, maana usiku wake wote ulikwisha katika kutafuta joto. Tulisikia pia furaha, na tulijiuliza kwa nini furaha yao ilituudhi mara ya kwanza.

Mwaka 2013 zilitufikia habari za huzuni. Kundi lilikuwa limegawanyika. Coco Ngambali na Theo Nzonza walikuwa wametoka. Hapa kwetu wengi walisema: mnaona, fedha imewaponza. Neno hilo lilitufika hata sisi mdomoni, tukalimeza. Watu wanaogombana wakiwa maskini hakuna anayeandika habari zao. Wakigombana baada ya kupata, kila mtu anajifanya nabii aliyejua mapema. Familia ngapi katika mitaa yetu zimetengana bila kuonja sifa yoyote? Kuvunjika kwa kundi ni jambo la kusikitikiwa, lakini si hukumu juu ya haki yao ya kuinuka.

Wale wawili waliotoka walianzisha kundi jipya, na mwaka 2015 wakatoa albamu iitwayo From Kinshasa. Kundi hilo waliliita Mbongwana Star. Tulipouliza maana ya neno mbongwana, tuliambiwa ni mabadiliko. Tulicheka peke yetu barabarani. Neno lilelile tulilowatupia kama jiwe siku ya kikao, wenyewe walikuwa wameliokota na kulifanya jina.

Vijana wapendwa, nanyi mtakuwa na kazi ya kwanza itakayopendwa. Labda ni kwaya yenu itakayorekodi nyimbo zikavuma katika jimbo zima. Labda ni mmoja wenu atakayeshinda mtihani wa serikali kwa namna ambayo mtaa wote utaizungumzia. Kisha watu watakaa wakingoja ya pili, na watataka iwe kama ya kwanza, na zaidi ya hapo watataka ninyi muwe kama siku ile ya kwanza: wembamba, wanyenyekevu, wenye viatu vilevile. Msiogope kuwavunja moyo katika hilo. Na mkiwa upande wa wanaongoja, mjichunguze mnachokingoja ni kitu gani hasa. Je, mnangoja mwenzenu akue, au mnangoja arudi mahali palipowapendeza ninyi?

Yule kijana leo ni baba wa watoto wawili, na chumba chake kina mashine mbili. Baada ya ile siku alirudi kwenye kundi, lakini hakusimama tena mbele kutoa mfano. Aliketi pamoja na wengine na kubishana kama wengine. Kila mwisho wa muhula tunampelekea karatasi zetu. Hatoi punguzo kwa mwalimu wake wa zamani: anatutoza bei ileile anayowatoza wote. Nasi tunalipa kwa furaha.